Shemeji Pua na Mashine ya Mkewe

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alikuwa na kazi ambayo haikuandikwa kwenye barua yake ya ajira. Barua ilisema fundi msaidizi, chumba cha mitambo. Lakini kwa miaka kumi na tisa kazi yake hasa ilikuwa kunusa.

Mimi naendesha foklifti katika ghala hilo hilo la baridi, kwa hiyo haya nayasema kama mtu aliyekuwepo. Ghala letu linagandisha nyama na samaki wa wafanyabiashara, maboksi kwa maelfu, na baridi yenyewe inatengenezwa na amonia. Hiyo ni gesi inayozunguka ndani ya mabomba. Ikibaki humo ndani, kila mtu anakula mkate wake kwa amani. Ikitoka kidogo, inanuka kama mkojo uliolala kwenye godoro. Ikitoka sana, macho yanawaka na koo linafunga, na ikizidi hapo mnakwenda kuzikwa. Sasa mabomba yana maungio mamia na vali zisizohesabika, na kila moja inasubiri siku yake ya kulegea. Mtu wa kuijua siku hiyo kabla haijafika alikuwa shemeji.

Asubuhi aliingia yeye kwanza. Alisimama mlangoni pa chumba cha mitambo, akavua kofia, akafumba macho, akavuta pumzi moja ndefu. Kisha alisema, kwa mfano, pampu ya pili upande wa ukutani. Mafundi walikwenda na kijiti cha salfa kinachofuka, na pale alipotaja, moshi uligeuka mweupe kama pamba, maana salfa na amonia zikikutana ndivyo zinavyofanya. Watu wakamwita Pua. Meneja alimwita hivyo hata mbele ya wageni. Wageni walicheka, lakini yeye hakucheka; alisimama wima kama askari anayetajwa kwa cheo chake.

Na hata kwetu alipokelewa kwa pua hiyo hiyo. Siku alipokuja kujitambulisha kwa mama, katikati ya maneno mazito ya wakubwa aliinua kichwa akasema maziwa jikoni yanaanza kushika chini. Mama alikimbia, akayawahi. Wajomba waliokuwa na nia ya kumsumbua wakaishiwa maswali. Mama alisema mwanamume anayejua kinachoendelea jikoni kwa mtu bila kuingia atakuwa mgumu kudanganywa, ama atakuwa msumbufu sana. Yote mawili yakawa kweli.

Dada yangu naye alifanya kazi chumba hicho hicho cha mitambo, ila yeye kwa ndoo na dekio. Aliishia kidato cha pili, baba alipofariki, akashika usafi. Ni mtu wa maneno machache. Ukimuuliza jambo, anamaliza kwanza alichokuwa anafanya ndipo anajibu, na wakati huo wewe umeshasahau ulichouliza. Kwa miaka kumi na mmoja alipiga deki sakafu ambayo mumewe aliinusa, na jioni walirudi nyumbani pamoja, mume mbele kidogo, mke nyuma kidogo.

Kilicholeta mashine ni swali la mkaguzi mmoja. Alizungushwa ghala zima, akaonyeshwa mabomba, mwisho akaonyeshwa shemeji. Akaandika kwenye karatasi yake, kisha akamuuliza meneja: huyu bwana akipata mafua mnafanyaje? Miezi minne baadaye yakaja maboksi mawili ya mbao na mhandisi mmoja, mwembamba, wa miaka arobaini hivi, miwani yake imefungwa kamba ili isidondoke.

Mhandisi alituita wote kantini atueleze, na nilimpenda kwa sababu hakutuona wajinga. Alisema kwenye ukuta mmoja wa chumba cha mitambo atafunga kisanduku kinachotoa mwanga wa leza ambao jicho halioni. Ukuta wa pili atafunga kioo. Mwanga unatoka kwenye kisanduku, unavuka chumba chote, unagonga kioo, unarudi. Ukikuta amonia njiani, hata chembe chache mno ambazo pua haiwezi kuzisikia, amonia inameza sehemu yake ndogo, rangi moja tu kati ya nyingi. Kisanduku kinaangalia kilichopungua. Akasema ni kama mama aliyejua sufuria ina vipande kumi na viwili vya nyama; akirudi akakuta kumi, hahitaji kumfumania mtu akitafuna. Watu walicheka. Mtu mmoja akauliza, sasa Pua atafanya nini? Mhandisi akasema kazi ipo, mashine inataka mtu wa kukaa nayo, kusoma namba zake, kusafisha kioo na kujua chumba chenyewe.

Kila mtu alimgeukia shemeji. Jumatatu iliyofuata alikuja kazini amenyolewa, shati jipya limepigwa pasi mpaka kola inasimama.

Kumbe mhandisi alikuwa na macho yake. Wiki ya kwanza alipima kioo kila asubuhi na kukikuta safi, na si safi ya kufutwafutwa tu. Kioo kile ukikisugua na kitambaa kikavu unakikwaruza, na kikikwaruzika hakifai tena. Mtu alikuwa anakifuta kwa pamba yenye maji yaliyochujwa, polepole, kutoka katikati kwenda pembeni, kama picha zilizochorwa kwenye boksi zilivyoelekeza. Akauliza ni nani. Akaambiwa ni yule mama wa usafi.

Siku iliyofuata aliwaita watu watatu, mmoja mmoja, akawapa mchoro wa chumba na kalamu, akawaomba waonyeshe wapi amonia imewahi kuvuja. Fundi mkuu alionyesha sehemu tano. Shemeji alisukuma mchoro pembeni akasema yake yote yako kichwani, hayahitaji karatasi. Dada aliweka alama kumi na nne. Kila moja aliitaja na wakati wake: hii ni mwezi mtoto wa kwanza alipougua surua, hii ni wiki mvua ilipobomoa ukuta wa choo. Mhandisi akamuuliza amejuaje. Akajibu, "Si ndipo ninapopiga deki."

Akachaguliwa yeye. Walimpa mafunzo ya wiki tatu, koti jeupe, na ufunguo wa kisanduku uliofungwa kwenye utepe wa bluu.

Wivu una namna nyingi za kuingia nyumbani kwa mtu. Kwa shemeji ulianza kwa adabu. Alimpongeza mkewe mbele ya watu. Akasema hata yeye ndiye aliyependekeza, jambo ambalo halikuwa kweli, na dada hakulikanusha. Kisha utani ukaanza kazini. Walisema Pua ameletewa mke mwenza, tena wa umeme, hali wala hanywi, na mke mkubwa ndiye anayemhudumia. Walisema pua ya binadamu sasa ni ya kuwekea miwani. Watani hawakumaanisha ubaya, lakini utani ni kama chumvi, inategemea unaimwaga wapi, na yeye alikuwa na kidonda.

Nyumbani akaanza kuuliza maswali. Leo mmekaa saa ngapi na huyo mhandisi? Mlango ulikuwa wazi au umefungwa? Kwa nini anakuita Mama, ni mama yake? Dada alikuwa anajibu kila swali kwa namba, kama anavyosoma mashine: saa mbili, wazi, anamwita kila mwanamke hivyo. Shemeji akaacha kutembea naye jioni. Sasa alitangulia peke yake, na dada akija nyuma na koti lake mkononi, watoto waliwapokea kwa awamu mbili.

Siku moja alinifuata penye foklifti yangu. Akaniomba nimwangalizie mke wake. Nikamwambia shemeji, huyo ni dada yangu, nimchunguze vipi? Akasema ndiyo maana, mtu wa nje atatia chumvi. Nami, kwa ujinga wangu, nikakubali, nikiamini nitamtuliza.

Kwa siku nne nilipita dirishani pa chumba cha mitambo mara nyingi kuliko kazi yangu ilivyotaka. Nilichokiona ni watu wawili wamesimama bega kwa bega wakitazama namba. Mara mhandisi alionyesha kwa kalamu, mara dada alitikisa kichwa kukataa, mara mhandisi alijikuna kichogo akaandika alichoambiwa. Mara moja walicheka. Niliuliza baadaye walicheka nini, nikaambiwa mashine ilikuwa imepiga kelele ya hatari kwa sababu fundi mmoja alipita mbele ya mwanga na kuuziba kwa tumbo lake.

Nikaenda kumwambia shemeji hakuna kitu, ni kazi tu. Nilitegemea atashukuru. Uso wake ulianguka kama mtu aliyenyimwa kitu. Akaniuliza, "Yaani anaelewa? Hizo namba anazielewa kweli?" Nikasema anazielewa. Akageuka akaondoka. Hapo ndipo nilipoanza kufahamu kwamba yule mhandisi hakuwa tatizo lake. Tatizo lingekuwa mwanamume, shemeji angejua pa kumshika. Sasa angemshika nani, na kwa kosa gani?

Mhandisi alimaliza wiki zake sita akafunga mizigo yake, akamwachia dada namba ya simu. Haikupita wiki, mashine ikaanza kuumwa. Saa saba mchana, watu wakitoka kula, taa ya njano inawaka: mwanga unaorudi ni hafifu, mashine haioni vizuri. Dada anasafisha kioo, taa inazimika. Kesho yake tena. Kesho kutwa tena. Kila inapowaka njano mashine inajitoa kazini, na kwa muda huo chumba hakina mlinzi. Meneja alimwita dada akamuuliza kama anafuata maelekezo. Akasema anafuata. Mara ya nne akampa barua ya onyo, akamwambia ikiendelea hivyo ufunguo utakabidhiwa kwa mtu mwingine, na wote wanamjua mtu huyo ni nani.

Jambo la ajabu ni hili. Wiki ile ya barua shemeji alimpenda mke wake kuliko nilivyowahi kumwona. Alimbebea koti. Alirudi na tikiti maji, akalikata mwenyewe, akampa kipande cha katikati kisicho na mbegu. Alimwambia asijali, mashine za kisasa ndivyo zilivyo, zina deko. Nilikuwepo, nilikula tikiti lile, nikafurahi kwamba mambo yametengemaa. Dada alikula polepole akimtazama mumewe mkono wake wa kulia. Mimi nilidhani anatazama kisu.

Alhamisi ya wiki iliyofuata, yapata saa nne asubuhi, nilitakiwa kupeleka pipa la mafuta ya kompresa nyuma ya pampu ya pili. Taa ya mashine ilikuwa ya njano. Dada alikuwa ofisini kwa meneja, ameitwa kwa ajili ya njano hiyo hiyo. Kwa sheria, mashine isipoona, mtu haingii mpaka chumba kipimwe kwa njia ya zamani. Njia ya zamani ilikuwa mlangoni, imevua kofia. Shemeji alifumba macho, akavuta pumzi yake ndefu, watu wanne tukimtazama. Alikaa hivyo kidogo, kisha akavaa kofia.

"Pita," akaniambia. "Ni safi kabisa."

Nikapita. Katikati ya chumba nilihisi kitu kama kitunguu kilichokatwa. Nikajiambia Pua amesema ni safi. Nilipofika nyuma ya pampu, pale hewa inapokwama, nilikuwa kama nimetia uso kwenye mvuke wa sufuria ya moto. Macho yalifunga yenyewe. Nikashuka kwenye foklifti, nikasahau mlango uko upande gani. Nilivuta pumzi nipige kelele, na ile pumzi ndiyo iliyonichoma.

Yaliyofuata niliyapata kwa kuhadithiwa. Dada alikuwa anarudi kutoka ofisini. Hatua kumi kabla ya mlango alisimama, akapiga kitufe chekundu cha ukutani kinachozima pampu na kuwasha feni kubwa, akawaita mafundi wa barakoa. Watu walitoka mbio. Shemeji hakutoka. Alikuwa amesimama ndani, hatua chache tu, machozi yanamchuruzika mpaka shingoni, anarudia kusema kwamba hanusi kitu. Dada alifunika pua kwa koti, akamshika mkono wa shati akamtoa kama unavyomtoa mtoto barabarani. Mafundi wakanitoa mimi. Ungio la vali ya pampu lilikuwa limelegea. Walilikaza kwa dakika sita, kazi ikaisha.

Nililazwa siku mbili. Daktari alisema koo na mapafu vitapona, na vimepona, ila mpaka leo baridi ikizidi nakohoa. Kwa kuwa mimi sina mke, dada alinichukua kwake niugulie pale, nikawekwa sebuleni kwenye kochi, na pazia tu kati yangu na chumba cha kulia. Watoto walikuwa shule. Hivyo alasiri ile niliyasikia yote, na sidhani kama walijali nisisikie.

Dada aliweka kitu mezani. Baadaye nilikiona, ni kipande cha pamba ndani ya mfuko wa nailoni, kimeingia weusi wa mafuta ya mashine. Akamwambia mumewe kwamba kila siku ya njano alikuta alama moja pale pale kwenye kona ya chini ya kioo, alama ya gumba la kulia, na katikati ya gumba mstari wa kovu. Shemeji alikatwa gumba na bati kabla hata hawajaoana.

"Tangu siku ya kwanza ulijua?" shemeji akauliza.

"Tangu ya kwanza."

"Na ukala onyo."

"Nikala."

Shemeji akasema hakujua kwamba gesi ingevuja siku ile. Dada akasema anajua hakujua, na kutojua kwake ndiyo kesi yenyewe. Kisha akamuuliza, bila kupandisha sauti, tangu lini hanusi. Shemeji akasema ni mafua tu. Dada akamwambia mafua ya miaka miwili hajawahi kuyaona. Akamtajia: shati alilovaa siku nzima limemwagikiwa mafuta ya taa. Panya aliyefia chini ya kitanda chao, na yeye akalala juu yake siku nne akisema watoto wanajidekeza. Watu waliokaa na amonia muda mrefu pua zao huchoka, mhandisi alimweleza hivyo, na nyingine hazirudi.

Nilikuwa nimelala pale nikikumbuka asubuhi zote za miaka miwili ile, kofia inavuliwa, macho yanafumbwa, na kila mara anapatia. Nikawa najiuliza alipatiaje. Dada akanijibu bila kujua, kwa sababu swali lake lililofuata lilikuwa hilo.

"Na ndoo uliijua?"

"Niliijua," shemeji akasema.

Ilikuwa hivi. Dada aliingia kupiga deki jioni, watu wakishatoka, na pua yake yeye ilikuwa nzima. Akisikia harufu penye ungio fulani, aliacha ndoo yake pale pale, kama mtu aliyesahau. Asubuhi shemeji alifika, akatupa jicho akaiona ndoo, ndipo akafumba macho. Hawakuwahi kukubaliana. Hawakuwahi hata kulitaja, si kazini, si kitandani. Miaka miwili dada alinusa, na shemeji alisifiwa, na wote wawili walirudi nyumbani mume mbele kidogo, mke nyuma kidogo. Mashine ilipokuja na dada akawa na ufunguo wake, ndoo ikachukuliwa na mama mwingine wa usafi, ambaye huiacha stoo.

"Sasa kama uliijua," dada akasema, "ulikuwa unanionea wivu wa nini? Si nilikuwa nakupa?"

Shemeji alijibu kwa sauti niliyolazimika kuitegea sikio. "Ile ndoo ilikuwa yetu wawili. Mashine ni yako peke yako."

"Na mdogo wangu hapo sebuleni? Yeye alikuwa wa nani?"

Nilisikia kiti kikivutwa, kisha dada akisema kwamba hatampeleka kwa meneja. Shemeji atakwenda mwenyewe kwa miguu yake na mdomo wake. Akampa mpaka Ijumaa ya wiki ile. Ijumaa ikipita bila yeye kwenda, atakwenda dada na ule mfuko wa nailoni. Akaondoa vyombo mezani akaenda kuosha.

Nisidanganye, nilimchukia shemeji. Alipokuja kuniamkia pale kwenye kochi niligeukia ukuta. Alikaa ukingoni, akanisogezea glasi ya maji, akaondoka. Na siku zile tatu za kungoja Ijumaa zilikuwa mbaya kuliko hospitali. Alikuwa anaamka, anavaa, anakwenda kazini, anarudi, na kila akirudi dada anamtazama mara moja usoni, anaona bado, anaendelea na shughuli zake. Nami nilianza kuhesabu, nikitamani ashindwe ili dada ampeleke kwa aibu. Wivu si wa mtu mmoja duniani. Mimi mwenyewe wakati ule nilimwonea wivu kwa kuwa na mtu wa kumngojea hivyo.

Alikwenda Ijumaa, saa ya mwisho kabisa, meneja akiwa ameshashika funguo za gari. Alisema yote, gumba na pua. Ndoo hakuitaja, na dada akasema afadhali, hiyo haikuwa ya ofisi. Akasimamishwa miezi mitatu. Walijadili kumfukuza, na fundi mkuu ndiye aliyesema miaka kumi na tisa si majani makavu. Aliporudi walimweka getini, aandike namba za malori yanayoingia na kutoka. Barua ya onyo ya dada ilifutwa. Hospitali walimpima shemeji kwa kumfumba macho na kumpitishia vitu puani: sabuni, karafuu, spiriti. Vyote alisema ni maji. Hiyo pua haitapona.

Kwa mwezi mzima nilipita getini na mzigo wangu bila kumsalimia. Halafu siku moja lori liliniziba njia, nikakaa mbele yake robo saa, na kukaa kimya na mtu mliyekula naye tikiti ni kazi kubwa kuliko kusema. Nikamwambia habari za kazi. Akasema nzuri. Tukaanzia hapo.

Hakubadilika akawa malaika. Watu hupenda kusikia kwamba mtu alitubu, wivu ukamtoka kama jasho. Kwake haukutoka. Sasa wanatembea tena pamoja jioni, lakini dada akisimulia jambo la mashine anamsikiliza huku anatazama pengine. Dada alipopata cheti na picha yake ikabandikwa ubaoni karibu na kantini, shemeji alikula chakula chake nje kwa wiki mbili akidai kantini kuna joto. Dada alijua, akamwacha. Aliniambia mara moja tu kwamba mume wake ana maradhi mawili, ya pua na ya roho, na kwamba hayo ya pili angalau siku hizi anayasema.

Mwezi uliopita ghala lingine, mbali na hapa, lilinunua mashine kama yetu, wakaomba dada aende wiki tatu kuwafundisha. Gari la kampuni lilimfuata nyumbani asubuhi, na ilibidi lipite getini kuchukua vioo vya akiba. Nilikuwa pale napakia. Shemeji aliandika namba ya gari, saa, jina la dereva. Kwenye nafasi ya abiria akasita. Kisha akaandika cheo cha mkewe kamili kama kilivyo kwenye cheti, mtaalamu wa vihisi vya gesi, herufi baada ya herufi, akiinama karibu sana na daftari. Dada alikuwa anatazama mbele. Alishusha kioo cha dirisha akamwambia mboga ziko kwenye friji na mtoto wa mwisho ana dozi ya saa mbili asisahau. Akasema hatasahau. Gari likaondoka.

Nikamuuliza, "Vipi, shemeji?"

"Bado linaniuma," akasema.

"Nini, kuondoka kwake?"

"Hapana. Kwamba anaiweza."

Lori la samaki lilikuwa linapiga honi nje. Akapachika kalamu sikioni akaenda kufungua geti.